Bili ya hospitali isisubiri siku ya ruhusa

Wiki iliyopita kwenye grupu la ukoo iliingia picha ya karatasi iliyopigwa harakaharaka, kona moja imekatika. Ilikuwa bili ya hospitali ya mama mdogo. Chini yake kaka yangu aliandika maneno mawili tu: "Tusaidiane jamani." Watu wakaanza kutuma. Elfu ishirini, elfu hamsini, mmoja akaahidi mwisho wa mwezi, na mweka hazina akawa anaandika majina kama kawaida. Hakuna aliyeuliza ndani ya ile karatasi kumeandikwa nini.

Kuchangiana hakuniudhi, na siku nikikwama nitachangiwa mimi. Kinachoniudhi ni kwamba mama mdogo alikuwa amelazwa muda wote ule, ndugu wanapokezana kukaa naye, wanatumwa duka la dawa usiku, wanapanda na kushuka ngazi na sampuli za damu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa bili imefika wapi. Ilionekana kwa mara ya kwanza asubuhi daktari alipopita raundi na kusema, "Mama leo unaenda nyumbani." Mama hakwenda nyumbani. Alikaa palepale kitandani, amepona, anasubiri ukoo uchange.

Niliikuza ile picha nikaanza kusoma mstari kwa mstari. Kulikuwa na "vifaa tiba", kiasi kikubwa, bila kusema ni vifaa gani. Kulikuwa na sindano za antibayotiki ambazo shemeji alinunua mwenyewe nje, kwa sababu famasi ya hospitali ilikuwa imeishiwa, na risiti anayo. Kulikuwa na ada ya kumuona daktari bingwa mara mbili kwa siku moja, siku ambayo waliokuwepo wodini wanasema alipita mara moja tu. Na mwisho kabisa kitanda kilikuwa kimehesabiwa hadi siku karatasi ilipotolewa, yaani na zile siku za baada ya ruhusa nazo zimo. Umezuiwa kutoka kwa sababu hujalipa, na kwa kuwa umezuiwa, unazidi kudaiwa.

Nilimwambia shemeji achukue risiti zake aende kwa mhasibu, asigombane na mtu, aseme tu, "Dada, naomba mchanganuo wa bili, kila kitu na tarehe yake." Yule dada hakukataa. Alifungua kompyuta, akalinganisha na risiti, akaondoa sindano, akaondoa ile ada moja ya daktari, akapiga simu wodini kuuliza habari ya vifaa. Bili ikashuka. Si kwa kiasi cha kumfanya mtu acheze, lakini ilishuka, na iliposhuka mama mdogo alitoka siku hiyohiyo.

Sitaki kusema hospitali ile ni ya wezi. Nimejitahidi kuwa na hasira hiyo nikashindwa, kwa sababu najua inavyotokea. Daktari anaandika dawa, nesi anaiingiza kwenye mfumo, famasi wanasema hakuna, ndugu anakimbia kununua nje, na hakuna anayekumbuka kurudi kwenye mfumo kufuta. Nesi mmoja ana wodi nzima. Makosa ya namna hii yatakuwepo mradi kuna binadamu wanaofanya kazi wakiwa wamechoka. Ndiyo maana nasema yatafutwe mapema, wakati kila mtu bado anakumbuka nani alinunua nini.

Hoja yangu ni moja, na nitaisema bila kuzunguka: mgonjwa aliyelazwa, au ndugu yake, aone bili yake kila siku. Kila siku. Fundi wa gari hukupigia simu kabla hajabadilisha kifaa, akakwambia bei, ukakubali au ukamwambia ngoja kwanza. Inakuwaje kwenye mwili wa mama yako ukute kila kitu kimeshafanyika, kimeshajumlishwa, na wewe unapewa namba ya malipo tu?

Najua jibu nitakalopewa: ugonjwa hautabiriki, daktari hawezi kusimamisha matibabu akasubiri ndugu wakubaliane bei. Kweli, kwa dharura. Mtu analetwa anatoka damu, atibiwe kwanza, na atakayedai malipo ya awali kabla hajamgusa ajibu kwa dhamiri yake. Lakini siku nyingi za kulazwa si za dharura. Ni siku za kipimo ambacho kingeweza kusubiri matokeo ya kile cha jana. Ni siku za kuchagua kati ya dawa ya kampuni yenye jina na dawa ileile isiyo na jina la kampuni, bei nusu au chini ya hapo. Ni siku za mgonjwa kuwekwa chumba cha peke yake kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi usiku ule alipofika, na asubuhi hakuna aliyemwambia kwamba wodi ya kawaida imepata nafasi. Kila moja ya hizo ni njia panda, na familia inapitishwa imefungwa macho.

Na sisi wenyewe tunachangia kwa kunyamaza. Kuuliza bei mbele ya kitanda cha mgonjwa kwetu ni aibu. Ukiuliza, wifi atakuangalia kama vile umeshaanza kupima jeneza. Mgonjwa mwenyewe atasikia na kudhani amekuwa mzigo. Basi tunakaa kimya, tunatabasamu, tunasema "tiba kwanza, pesa zitapatikana", halafu zinapatikana kwa kuuza kiwanja, kwa kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kwa kumtoa mtoto shule. Nimeona familia ikiuza ng'ombe kwa bei ya hasara siku ya ruhusa, kwa sababu mnunuzi alijua wana haraka. Wangejua siku tatu kabla, wangeuza kwa bei ya sokoni. Ukimya wetu una gharama, na anayeilipa ni huyohuyo mgonjwa tuliyekuwa tunamstahi, maana atarudi nyumba isiyo na ng'ombe.

Kwa hiyo chagueni mtu mmoja. Asiwe yule anayemlisha na kumwosha mgonjwa, huyo ana kazi yake. Awe mtu wa karatasi: mtulivu, anayeweza kusimama dirishani bila kupandisha sauti. Awe na daftari. Kila dawa iliyonunuliwa nje iandikwe na risiti ibandikwe. Kila asubuhi apite uhasibu aombe bili mpaka jana. Akikuta kitu asichokielewa, aulize siku hiyohiyo, nesi wa zamu bado yupo na faili liko mezani. Na daktari anapoagiza kipimo kikubwa, kama siyo dharura, aulize mambo mawili kwa heshima: "Daktari, hiki kikionyesha hivi au vile, matibabu yatabadilika?" na "Kinafanyika wapi kwa bei nafuu?" Madaktari wengi hawaudhiki. Wengi hawajui hata bei ya kile wanachokiandika, na ukiwaambia hushtuka.

Hospitali nazo zina la kufanya, na si gumu. Hapa Tanzania malipo ya hospitali za serikali sasa yanapita kwenye mfumo, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Hospitali binafsi nazo zina kompyuta. Kinachoweza kutoa bili siku ya ruhusa kinaweza kuitoa Jumanne saa nne asubuhi. Ni kubonyeza tu. Wizara ya Afya ingeweza kulifanya sharti la usajili wa hospitali, na nashangaa kwamba mpaka leo tunalizungumza kama ombi.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili, au hawakuwa nalo kwa sura hii. Baada ya Azimio la Arusha hospitali za serikali hazikuwa na dirisha la malipo, na mwaka 1977 tiba binafsi ya kibiashara ilipigwa marufuku kabisa, ikaruhusiwa tena 1991. Uchangiaji wa gharama ulianza 1993, na ulianzia kwenye hospitali za rufaa. Sitetei kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Babu alikuwa akieleza alivyopewa panadoli na pole. Nasema tu kwamba dirisha la malipo lina umri wa miaka thelathini na kidogo, na bado hatujajifunza kusimama mbele yake.

Kuna mlango mwingine ambao watu wanaujua wakiwa wameshachelewa: ofisi ya ustawi wa jamii. Kila hospitali kubwa ya serikali inayo, mara nyingi mwisho wa korido, mlango mdogo. Sera ya Afya ya 2007 inatambua makundi ya msamaha: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wagonjwa wa magonjwa sugu yaliyotajwa, na asiyejiweza hata kama hayumo kwenye hayo makundi. Nendeni siku ya kwanza au ya pili, mkiwa na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Ukienda siku ya ruhusa na bili ya milioni, afisa anakuona kama mtu aliyekuja kukwepa. Ukienda mwanzo, anafungua faili lako kama la mtu anayehitaji msaada. Uwezo wako ni uleule, aliyebadilika ni msikilizaji.

Ajali nayo nitaisema kwa ufupi ingawa inaniuma. Mtu akiumia kazini, matibabu ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015. Mwajiri ndiye anayechangia mfuko huo, mfanyakazi hakatwi. Ila taarifa lazima itolewe, na waajiri wengine wanaona afadhali wakupe laki moja mkononi na "pole sana ndugu" kuliko kujaza fomu. Pokea pole, kisha dai fomu ijazwe. Aliyegongwa na gari au bodaboda achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na namba ya usajili ya chombo. Kila chombo cha moto barabarani kinapaswa kuwa na japo bima ndogo, na hiyo bima ndogo ipo kwa ajili ya huyo aliyegongwa. Uhai wa bima unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari. Badala yake tunamalizana na dereva pembeni ya barabara, anatoa elfu hamsini, na mguu unakuja kuwekwa vyuma vya milioni kadhaa.

Mtaniambia, na bima ya afya je? Haya, kateni bima. Sipingi. Mtumishi wa umma anachangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake 3, na nimeona kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ikiokoa nyumba. Kwa wa kijijini, CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilianza kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na hakuna ukoo ambao hauwezi kuwalipia wazee wake kiasi hicho. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na ninaitakia heri kwa moyo wote. Lakini Machi 2024, NHIF ilipoleta kitita kipya cha bei, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake, na watu waliokatwa mshahara kila mwezi wakageuka wagonjwa wa fedha taslimu ghafla, mlangoni. Kwa hiyo hata mwenye kadi aulize mapokezi, kabla hajalazwa: kadi hii mnaipokea, inalipia nini, na nini nitalipa mwenyewe? Hasa dawa, hasa vifaa vya upasuaji. "Bima inalipa" ni sentensi isiyotosha.

Na maiti. Hapa sitaki kuwa na maneno mengi kwa sababu nikianza sitamaliza. Mawaziri wa afya wamerudia mara nyingi kwamba mwili usizuiwe kwa deni, na bado familia zinaendelea kuzungushwa, turubai limefungwa nyumbani, kaburi limechimbwa, shehe au mchungaji anasubiri. Deni ni deni na lilipwe. Lina mdaiwa aliye hai, ana jina, ana mtaa, ana mtendaji anayemfahamu. Mwili haulipi.

Ikifika hapo, au kwa mgonjwa aliyepona lakini hawezi kutoka, ombeni kuonana na mganga mfawidhi au msimamizi wa hospitali, msikomee dirishani. Pendekezeni kulipa kidogo kidogo. Makubaliano yaandikwe, yataje kiasi mnachokiweza kwa mwezi kwa kweli, siyo kile kitakachowafurahisha siku hiyo, na yataje tarehe ambayo hesabu ya kitanda ilikoma. Mkiombwa dhamana, kadi ya gari au hati ya kiwanja, msiiache bila karatasi yenye muhuri inayosema nani ameipokea, na mpige picha karatasi hiyo kabla hamjatoka getini.