Mama Mkwe Alipocheka Kifisi

Najua wengi wenu mmeshaisikia kwa shemeji. Ya kwake ina chumvi: eti nilikimbia na viatu mkononi. Si kweli. Viatu nilivisahau.

Mama mkwe alihojiwa kwenye kipindi cha asubuhi, yeye na katibu wake wa kikoba. Mimi mtaalamu (ndivyo nilivyojitambulisha siku ya posa) nikapewa kazi ya kurekodi. Nikachomeka kile kidude cha USB cha kunasia matangazo ya tivii kwenye laptop, nikazoa chaneli zote za masafa yale kwa mpigo, faili moja la gigabaiti 12. Nikajiona mjanja. Upepo nao ukaitikisa antena yangu iliyofungwa kwenye mlonge. Usicheke, ya kwako imefungwa kwa kanga.

Ikatoka chenga tupu. Vigae vigae. Mdomo wa mtangazaji umeganda kwenye shavu la mama mkwe, unangoja picha nzima ijayo ije kuufuta.

Usiku nikaanza upasuaji. Faili la aina hii ni msururu wa pakiti za baiti 188, na kila pakiti huanza na baiti ileile, ambayo ukiisoma kama herufi ni G. Ukihesabu 188 usiikute G, ujue hapo pameliwa. Kila mkondo, uwe wa picha au wa sauti, pia una namba zinazokwenda 0 hadi 15 kisha zinaanza upya. Ukiona 7 halafu 11, tatu zimepotelea njiani. Nikaandika kaprogramu ka kuzinusa, mbovu nikatupa, zilizobaki nikampa ffmpeg, programu ya kushughulikia video, azifungashe upya. Saa nane usiku picha inateleza kama mlenda. Sauti? Niliizima, mtoto alikuwa amelala. Shikeni hapo.

Jumapili, Tabata. Wanakikoba wote sare ya kitenge, viti vimeazimwa kwa jirani, pilau imefunikwa. Flash nikaichomeka mwenyewe kwenye tivii, kwa maringo.

Mama mkwe akatokea. Safi, hana kigae hata kimoja. Vigelegele! Pale kwenye kioo akaweka mtandio sawa, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mwanaume, besi nzito isiyo na haraka:

"Jike la fisi ndiye mtawala wa kundi."

Vigelegele vikakatikia kooni. Nikadhani tangazo limeingilia. Mama akainua kidole kama kawaida yake akisisitiza jambo.

"Taya zake huvunja mifupa."

Katibu akaitikia kwa kichwa. Natafuta rimoti, rimoti kaikalia baba mkwe, na baba mkwe humwambii "hebu inuka". Mama akaweka mkono kifuani, akatabasamu kwa upole ambao sijawahi kuuona.

"Dume hula mwisho," ikasema besi. Na yule mzee, haki ya Mungu, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeguswa.

Halafu mtangazaji akatania kitu. Mama mkwe akatupa kichwa nyuma, akacheka.

Mmewahi kumsikia fisi akicheka? Kwenye spika ya kukodi, ile ya harusini?

Sebule kimya. Yule mama halisi, wa kwenye kochi, akanigeukia taratibu: "Baba, mimi mbona sikuyasema hayo?"

Mengine mnayajua kwa shemeji. Kumbe ffmpeg usipomwelekeza, huchagua picha kubwa kuliko zote na sauti yenye njia nyingi za spika kuliko zote, hajali kama zimetoka chaneli moja. Picha akachukua ya mama, sauti akaifuata kwenye kipindi cha mbugani. Kumwambia achukue vyote chaneli moja ni mstari mmoja tu. Dakika mbili, kwisha.

Nakala sahihi ninayo sasa, nimeisikiliza peke yangu, mlango nimefunga. Pale kwenye dume kula mwisho, mkono kifuani, mama alikuwa anasema: "Namshukuru sana mkwe wangu, yeye ndiye fundi wetu wa mambo ya kompyuta."

Nimeituma kwenye grupu la familia. Hakuna aliyeifungua. Ya fisi shemeji kaiweka status, na baba mkwe kaomba atumiwe.