Theluji tamu ukiwa dirishani

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema theluji ya kwanza imewagawa watu wa Minneapolis, huku Marekani, mafungu mawili, wanaoipenda na wanaoichukia. Mimi nimo kwenye yote mawili. Usiku ikianguka, mtaa mzima unanyamaza, hata gari likipita hulisikii vizuri. Hapo naipenda kweli, chai ya tangawizi mkononi. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri niko nje na koleo, nalifukua gari ambalo greda limelizibia kwa tuta la theluji gumu kama jiwe. Halafu hiyo chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyushia barafu! Viatu vyangu vya ngozi vina michirizi myeupe kama nimetoka kuvua pweza.

Ila kinachonimaliza si baridi, ni giza. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Naingia kazini giza, natoka giza. Wenyeji wakianza kusimulia ile theluji iliyoanza Oktoba 31, 1991, ikajaa karibu sentimita 72, mimi kimya. Mama yangu yuko Tanga, nikimtumia picha ananiuliza tu: “Sasa mwanangu, nguo mnaanika wapi?”