Televisheni ya Setilaiti Bado Inabeba Sekta

Roketi inaporuka na kundi jipya la setilaiti za intaneti, wachambuzi wengi huwahi kutangaza kwamba zama za setilaiti kubwa za televisheni zimekwisha. Wanachohesabu ni vyombo vilivyoko angani. Mwishoni mwa 2016 setilaiti zilizokuwa zikifanya kazi hazikufika 1,500. Mwishoni mwa 2024 zilipita 11,000, nyingi zikiwa za Starlink, mtandao wa intaneti wa kampuni ya roketi ya SpaceX. Fedha haikwenda kwa kasi hiyo. Kwa takwimu za SIA, chama cha kampuni za setilaiti nchini Marekani, mapato ya sekta duniani yalikuwa dola bilioni 260.5 mwaka 2016 na bilioni 293 mwaka 2024. Ongezeko hilo, kama asilimia 12 kwa miaka minane, limemezwa lote na mfumuko wa bei.

Zaidi ya nusu ya mapato hayo ni ya vifaa vya ardhini, hasa vipokezi vya kuonyesha mahali na njia. Tuyaache hayo, tutazame huduma. Mwaka 2024 intaneti ya setilaiti iliingiza takriban bilioni 6.2. Televisheni, hiyo inayozikwa kila mwaka, iliingiza zaidi ya bilioni 70. Yaani mara kumi na moja, tena miaka mitano baada ya Starlink kurusha setilaiti zake 60 za kwanza za mtandao huo, Mei 2019.

Pengo hilo lina sababu ya kiufundi ambayo haipewi uzito wake. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta huonekana imesimama mahali pamoja na kumulika karibu theluthi ya dunia. Mtazamaji mmoja akiongezeka, au milioni kumi, gharama ya kurusha matangazo ni ile ile, na chombo chenyewe hudumu miaka 15 au zaidi. Setilaiti ya intaneti iliyo kilomita 550 huzunguka dunia kwa saa moja na nusu hivi, na sehemu kubwa ya muda huo iko juu ya bahari ambako wateja ni wachache. Kila mteja mpya hula sehemu ya uwezo wake, na baada ya miaka mitano hivi lazima irushwe nyingine.

Wanaotabiri kifo nao wana hoja. Mapato ya televisheni yalikuwa bilioni 97.7 mwaka 2016, kwa hiyo yameporomoka kwa zaidi ya robo. Intaneti ilikua kwa asilimia 40 mwaka 2023 na karibu 30 mwaka uliofuata. Intelsat, kampuni ya setilaiti iliyokuwa jina kubwa kuliko yote zamani, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2020, na Julai 2025 ikanunuliwa na SES, mshindani wake. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba ada ya mtazamaji huishia kwa wenye filamu na haki za mpira. Mwenye setilaiti hubaki na kipande kidogo. Hili ni kweli, na linapunguza ukubwa wa ile mara kumi na moja.

Lakini kipande hicho ndicho kinacholipia mabadiliko. Eutelsat, kampuni ya setilaiti za televisheni, iliungana na OneWeb, kampuni ya setilaiti za intaneti, Septemba 2023 ili iingie kwenye mzingo wa chini, ule wa setilaiti zilizo karibu na dunia. Katika mwaka wa fedha wa 2023–24, zaidi ya nusu ya mapato yake bado yalitoka kwenye matangazo ya video. Setilaiti za OneWeb, ambayo yenyewe ilifilisika mwaka 2020, nazo zitazeeka na kuhitaji warithi. Ndiyo maana naona tarakimu ya kufuatilia ni kasi ya televisheni kushuka. Ikishuka polepole, waendeshaji wa zamani watapata muda wa kujenga mitandao yao mipya kwa fedha yao wenyewe. Ikianguka ghafla, watakopa kwa riba kubwa au wataomba serikali, na sokoni atabaki mshindani mmoja mwenye roketi zake mwenyewe, yaani SpaceX.