Mjamzito mwenye lupasi akianguka: azalishwe, au atibiwe kwanza?

Mama wa mimba ya wiki 26 anaanguka kwake Kongwa, Dodoma, anakakamaa, anatetemeka, anang'ata ulimi. Kituo cha afya wanakuta presha iko juu na mkojo una protini. Muuguzi atasema kifafa cha mimba, na ana haki ya kusema hivyo. Lakini mama huyu ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Ikiingia kwenye ubongo huleta degedege, kiharusi, hata kusikia sauti zisizokuwepo. Ikishika figo, hupandisha presha na kumwaga protini vilevile.

Wanaotaka azalishwe haraka wana hoja nzito: kifafa cha mimba huua, na hakikomi kabisa mpaka mimba itoke. Wanaosita nao wana yao. Mtoto wa wiki 26 mapafu yake hayajakomaa, na kama kiini ni lupasi, kumtoa hakutazima moto ulio kwenye ubongo wa mama. Hapo zinahitajika steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, za mshipa kwa dozi kubwa. Prednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, kwa bahati njema huvunjwavunjwa na kondo la nyuma, ikamfikia mtoto kidogo tu.

Mimi nasema magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, ianze palepale, bila kungoja jibu, huku mkojo na mwitikio wa goti vikiangaliwa, maana figo dhaifu hushindwa kuitoa dawa hiyo mwilini. Malaria na sukari vipimwe pia, maana navyo huweza kuleta degedege. Kisha rufaa, Hospitali ya Mkoa au Benjamin Mkapa, akaonwe na daktari wa wajawazito pamoja na wa magonjwa ya ndani. Chembe nyekundu kwenye mkojo, viungo kuvimba, vidonda mdomoni, vyote huelekeza kwenye lupasi. Degedege kabla ya wiki 20 huelekeza huko zaidi. Ila presha ikigoma kushuka au mtoto akianza kuchoka tumboni, mjadala umekwisha: azalishwe.

Linaloniumiza zaidi ni mama anayeanza kuongea yasiyoeleweka. Hapa Dodoma jibu liko mdomoni kabla ya swali: "mpelekeni Mirembe," hospitali ya magonjwa ya akili, au aombewe, ana majini. Madaktari wa akili wanahitajika kweli, lakini wakiwa pamoja na wanaotibu lupasi. Na steroidi zenyewe huweza kuvuruga akili, kwa hiyo daktari analazimika kuamua aongeze dozi au apunguze, mgonjwa yuleyule, usiku uleule.

Je, aliyewahi kuguswa ubongo na lupasi asizae kabisa? Wapo wanaoshauri hivyo, na baada ya kiharusi cha karibuni nawaelewa. Kwa wengi naona ni kuwanyima bure. Ugonjwa utulie miezi 6 kabla ya mimba. Mikofenoleti, dawa ya lupasi inayodhuru mtoto tumboni, iachwe angalau wiki 6 kabla, daktari akiweka azathioprini, iliyo salama zaidi kwa mimba, mahali pake. Haidroksiklorokwini, vidonge vya msingi vya lupasi, isiachwe. Huyu wa Kongwa huenda aliiacha siku kipimo cha mimba kilipoonyesha mistari miwili, mama mkwe akimwambia vidonge vitamdhuru mtoto, na kwenye kadi yake ya kliniki hakuna aliyeandika neno lupasi.