"Mama, nimechoka": mafunzo ya familia yafundishe nini?

Saa tatu usiku, Igogo, Mwanza. Mama ametoka soko la samaki la mwaloni Kirumba, anafungua pindo la kanga ahesabu alichopata. Mwanawe wa miaka 19 amekaa mlangoni tangu jioni, simu imezima. "Mama, nimechoka." Mama hainui kichwa: "Umechoka nini? Kwani leo umefanya kazi gani?"

Niliyasikia hayo kwa sababu ukuta wetu na wao ni mmoja. Kijana yupo, mzima. Lakini kila inapotajwa hoja kwamba familia zifundishwe kuwakinga vijana wasijiue, nalikumbuka jibu lile. Mama yule si mkatili. Mwanawe akipandisha homa usiku, atambeba hadi zahanati. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "nimechoka" nayo inaweza kuwa homa.

Wanaotaka mafunzo wana sababu nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Wataalamu wa afya ya akili kwetu ni wachache, na mtu wa kisiwa cha Ukerewe anayetaka kufika hospitali ya Bugando, Mwanza mjini, anahitaji nauli, kivuko na siku nzima. Anayemwona kijana kila siku ni wa nyumbani. Na mambo ya kumfundisha huyo si ya chuo kikuu: ajue dalili, kama kijana kujitenga, kugawa vitu vyake au kusema yeye ni mzigo, amuulize waziwazi, asikilize bila kukemea, asimwache peke yake, ampeleke hospitali. Hapo kwenye kuuliza ndipo wazazi wengi wanaogopa, wakisema utamtia mtoto wazo. Tafiti zilizolichunguza jambo hili hazikukuta kwamba swali linapanda wazo. Wengine hupata nafuu kwa kuulizwa tu.

Wenye shaka nao hawabishi hewani. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule 168 za nchi 10 za Ulaya, wanafunzi 11,110. Baadhi ya shule zilifundisha walimu kutambua dalili, nyingine zikawafundisha wanafunzi wenyewe, nyingine zikawachuja kwa madodoso waliokuwa hatarini. Baada ya mwaka mmoja, majaribio ya kujiua yalipungua kwa zaidi ya nusu pale walipofundishwa wanafunzi, ukilinganisha na shule zilizobandika mabango tu. Kuwafundisha walimu peke yao hakukuleta tofauti ya maana. Walimu si wazazi, na Ulaya si Buchosa, najua. Ila fundisho lipo: kijana humwambia kijana mwenzake kwanza. Na huku ziwani nani anaishi na nani? Mmoja yuko kambi ya dagaa kisiwani, mwingine amepanga geto Mabatini na wenzake watatu, wa tatu analala juu ya bodaboda yake. Familia yao ya kila siku ni kijiwe. Mafunzo yasiyofika kijiweni yatawapita.

Shaka ya pili inanigusa zaidi. Ukishamfundisha mama dalili, msiba ukitokea watu watamuuliza: wewe si ulihudhuria semina, hukuona? Nasema mama kwa makusudi, maana baba huwa hayupo kwenye semina hizi, labda kuwe na posho.

Halafu kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Unamfundisha mzazi atoe taarifa mapema, huku sheria inamfanya afikirie polisi. Matokeo yake ni kuficha: "aliteleza", "alikula kitu kibaya". Ghana ilifuta kosa hilo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikatamka kifungu cha kwao kinakiuka katiba. Sisi bado.

Hata kufungia sumu nyumbani, somo ambalo lingefaa sana kwa wakulima wa pamba wa Kwimba na Magu, lina mipaka yake. Sri Lanka waligawa masanduku ya kufungia viuatilifu vijijini, utafiti ukaona hayakupunguza watu kujidhuru. Kilichopunguza vifo ni serikali kupiga marufuku viuatilifu vikali zaidi.

Mimi bado nataka mafunzo, ila si ya ukumbi wa hoteli. Yapelekwe kwenye nzengo, umoja wa majirani wa mtaa au kijiji huku Usukumani. Nzengo ndiyo inayotuzika. Asiyekuja msibani anatozwa faini, na wanaume wamo. Saa moja pale, kila mwezi, ya kujifunza kujibu. Dalili zinabandikika hata ukutani. Jibu linahitaji mazoezi, maana la kwanza linalotujia mdomoni ni lile la mama wa Igogo.

Nilimweleza hayo kesho yake, akiwa ameinama juu ya turubai anatandaza dagaa. Akauliza angejibu nini. Nikamwambia: mwulize, mwanangu, umechoka na kazi au umechoka na kuishi? Akacheka, kisha akanyamaza, mkono umebaki kwenye dagaa.

"Na akisema kuishi?"

"Unalala naye chumba kimoja usiku huo, asubuhi mnakwenda wote hospitali ya Sekou Toure. Angekuwa chini ya miaka 18 ungepiga na 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo."

Akaangalia mbingu upande wa ziwa, wingu lilikuwa linajikusanya.

"Na hizi dagaa, nani ataanua?"