Blu-ray Ilishinda, Lakini Haikushuka Kirumba

Mwaka 2010 shemeji alirudi kutoka Marekani na deki ya Blu-ray, zile diski za picha kali zilizokuja baada ya DVD, kwenye begi, ameizungushia masweta matatu isije ikapata mtikisiko. Dada akatuita wote kwake Kirumba, hapa Mwanza, Jumapili mchana, pilau limo. Deki ilikuwa ya umeme wa volti 110, hivyo kwanza akatafutwa fundi mwenye transfoma. Pilau likapoa. Hatimaye shemeji akaingiza diski pekee aliyokuja nayo, picha ikatokea kwenye TV ya chogo ya inchi 21, tukanyamaza tukiusubiri huo uzuri. Dada ndiye aliyevunja kimya:

"Baba Neema, mbona ni kama zile zile?"

Hakukosea. TV ile ilionesha picha ya mistari isiyofika 600. Blu-ray inabeba 1,080. Sawa na kumimina debe zima kwenye kikombe cha chai.

Mimi niliumia kuliko shemeji, kwa sababu vita vya diski ipi itarithi nafasi ya DVD nilivifuatilia kwa hela yangu kwenye intaneti kafe za mjini. Toshiba na HD DVD yake upande huu, Sony na wenzake na Blu-ray upande ule. Zote mbili zilisomwa kwa mwanga wa bluu wa nanomita 405 badala ya ule mwekundu wa 650 wa DVD. Chukulia ni kalamu: ncha ikiwa nyembamba, ukurasa ule ule unaingiza maneno mengi zaidi. DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7. HD DVD ilibeba 15 kwa tabaka moja, Blu-ray 25.

Watu husema Blu-ray ilishinda kwa sababu ya ubora. Sikubali. Kwa macho ya mtazamaji picha zilikuwa karibu sawa, na bei ilikuwa upande wa Toshiba: mashine zake za kwanza Marekani ziliuzwa kuanzia dola 499 wakati ya kwanza ya Blu-ray, ya Samsung, ilikuwa dola 999. Kufikia Novemba 2007 kuna deki za HD DVD zilizotupwa sokoni chini ya dola 100. Na bado ikafa. Januari 2008 kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilitangaza kwamba inabaki na Blu-ray peke yake, maduka makubwa yakafuata, na tarehe 19 Februari Toshiba ikasalimu amri. Uamuzi ulitoka kwa wenye filamu, siyo kwa wenye macho.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba HD DVD haikuwa na kufuli la kuzuia diski ya upande mmoja wa dunia isichezwe upande mwingine. Blu-ray iliigawa dunia mafungu matatu, Afrika tukawekwa pamoja na Ulaya. Kwenye DVD tulikuwa fungu moja na Urusi na India. Kwa hiyo diski ya mtu wa New York inaweza kukugomea Mwanza hata kama umeinunua kihalali. Deki za Kichina za mjini zilikuwa hazijali mambo hayo, zilisoma chochote, hata kilichosuguliwa kwa dawa ya meno. Ile ya shemeji iligoma hata diski za dada za kila siku, maana deki nyingi za Marekani hazisomi PAL, mfumo wa picha tunaotumia huku. Mchana ule tuliishia kuirudisha deki ya zamani.

Sasa nenda Makoroboi, sokoni katikati ya Mwanza, ya miaka ile ile. Meza ya machinga, diski zimepangwa kama dagaa juani, na kila kava lina vichwa kumi vya wacheza filamu waliobanana. DVD iliyobuniwa ibebe filamu moja yenye picha safi, huku ilibeba kumi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema tulichelewa. Teknolojia ilileta nafasi. Wenzetu waliitumia nafasi hiyo kuongeza usafi wa picha, sisi tukaitumia kuongeza filamu. Mwenye TV ya chogo angefanya nini na usafi? Alipiga hesabu vizuri tu. (Najua, zile diski zilikuwa za kuchoma, na waigizaji wetu walikula hasara. Hilo silitetei.)

Halafu kulikuwa na sauti. Wavuvi walionunua diski mjini kuzipeleka visiwani hawakuuliza mistari mingapi. Waliuliza: "Imetafsiriwa?" Kwenye mabanda ya video ya mialoni, jenereta likinguruma nje na karabai zikisubiri giza, sauti ya mtafsiri, anayeisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, ndiyo iliyouza tiketi. Gigabaiti 50 za Blu-ray ya tabaka mbili zina nafasi ya lugha kibao, lakini sijawahi kushika hata moja yenye Kiswahili ndani. Mtu mmoja mwenye maikrofoni alitupa kitu ambacho kampuni zile zote hazikufikiria kukiweka.

Ajabu ni kwamba Blu-ray iliingia Mwanza, ila imejificha. Sony waliiweka ndani ya PlayStation 3 tangu Novemba 2006, na kwa maoni yangu huo ndio ujanja mkubwa kuliko wote wa vita vile: mtu ananunua gemu, kumbe amenunua deki. Mashine hizo zilipofika kwenye mabanda ya gemu ya mitaani kwetu, vijana walilipia mpira kwa dakika mbele ya deki ya Blu-ray kamili. Nilimwambia mwenye banda mmoja kwamba mashine yake inaonesha filamu kwa picha kali kuliko mashine zote mtaani.

"Kaka, nikiweka muvi saa mbili, nani analipia mechi?"

Sikuwa na jibu.

Leo meza zile zimegeuka kompyuta na nyaya. Unampa kijana flashi, anakujazia msimu mzima wa tamthilia ukiwa umesimama. Kwa wenzetu nako diski zinaisha taratibu. Samsung iliacha deki za Blu-ray Marekani mwaka 2019, na Februari 2025 Sony ikaacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia. Mshindi hakukaa sana kwenye kiti.

Dada sasa ana TV bapa ya inchi 43, ambayo ingeionesha ile diski vizuri kabisa. Mwezi uliopita nilimwomba tujaribu. Deki ipo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki. Diski yenyewe haionekani. Na transfoma, akasema, fundi alikuja kuichukua siku ile ile.