Tolkien na watu wa Kusini wasio na lugha

Katika juzuu la pili la The Lord of the Rings, hadithi ya kubuni ya mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, lililotoka mwaka 1954, Sam, mtunza bustani wa jamii ya watu wafupi waitwao hobbit, anashuhudia kwa mara ya kwanza binadamu wakipigana. Askari wa Kusini, mkono wake wa rangi ya kahawia ungali umeshika kipini cha upanga uliovunjika, anaanguka karibu naye akiwa na mshale shingoni. Sam anajiuliza: aliitwa nani, katoka wapi, kweli alikuwa na moyo mbaya, au ni uongo na vitisho vilivyomtoa kwao? Ubishi kuhusu Tolkien na ubaguzi unapozuka, huwa narudi kwenye ukurasa huo kwanza.

Wanaomlaumu hawamsingizii. Katika hadithi hiyo wema hukaa Kaskazini na Magharibi, na majeshi ya adui huja kutoka Mashariki na Kusini. Juzuu la tatu lina watu weusi wa Harad ya Mbali, sehemu ya Harad, nchi ya Kusini anakotoka askari yule, wanaofananishwa na majitu. Na katika barua ya 1958 aliwaeleza viumbe wake waovu, Orc, kuwa na pua bapa na macho ya mshazari, sura iliyoharibika ya Wamongolia wale wasiopendeza, kwa macho ya Wazungu. Watetezi huyashikilia maneno hayo ya mwisho kana kwamba yanamwokoa. Kwangu hayatoshi.

Lakini maisha yake nayo yana ushahidi. Alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo, tarehe 3 Januari 1892. Angali mchanga, mtumishi Mwafrika wa nyumbani alimchukua hadi kijijini kwao kumwonyesha jamaa zake, akamrudisha kesho yake. Mwaka 1895 mama yake alimpeleka Uingereza. Baba alibaki, akafariki mwaka uliofuata. Mama huyo ndiye aliyemsimulia jinsi watu weusi walivyotendewa kule, na mwaka 1944 Tolkien alimwandikia mwanawe kwamba hali hiyo humtisha karibu kila Mwingereza anayekwenda huko, ingawa si wengi wanaodumu na huruma hiyo. Mwaka 1938, mchapishaji wa Kijerumani alipomuuliza kama ana damu ya Kiarya, yaani kama si Myahudi, aliandika rasimu ya jibu kali, akisikitika kwamba hana mababu katika taifa lenye vipawa la Wayahudi. Na alipoaga Chuo Kikuu cha Oxford, alikokuwa profesa, mwaka 1959 alisema chuki ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini imo mifupani mwake. Kweli, mada yake siku hiyo ilikuwa kutenganishwa kwa lugha na fasihi katika masomo ya Kiingereza, lakini hakulazimika kuutaja ubaguzi huo, naye akautaja.

Hivyo simwoni Tolkien kuwa mtu aliyechukia weusi. Ninachomdai ni kingine, nacho kinatoka kwenye fani yake mwenyewe. Alikuwa mwanaisimu. Alisema lugha alizozibuni zilitangulia, hadithi zikatungwa ili lugha hizo zipate ulimwengu wa kuishi. Waelfi aliwapa Quenya, yenye ladha ya Kifini, na Sindarin, inayosikika kama Kiwelishi. Vibete wana Khuzdul. Hata Mordor, makao ya uovu wenyewe, ina lugha yake, na maneno ya lugha hiyo yamechorwa kwenye Pete, ile pete ya uchawi inayobeba hadithi nzima. Watu wa Harad, walio wengi na wenye wafalme na ndovu wa vita, hawakupata chochote cha kulinganishwa na hayo. Haradrim ni jina waliloitwa na wengine. Walivyojiita wenyewe hatuambiwi. Mtu aliyeamini kwamba lugha ndiyo roho ya watu aliwaacha hawa bila lugha, na pengo hilo linaniumiza kuliko sentensi yoyote kuhusu rangi ya ngozi.

Mtetezi atajibu kwamba alikuwa akiitungia Uingereza visasili vyake, na masimulizi hutazama kutoka nyumbani kwa msimulizi. Hoja hiyo naikubali. Ila ni yeye mwenyewe aliyemfanya Sam aulize. Vita vinapokwisha, Mfalme Aragorn, wa upande ulioshinda, anafanya amani na watu wa Harad. Kitabu kinalipita jambo hilo kwa maneno machache, wala hakisemi walizungumza kwa lugha gani.